Kutoka Mlabani hadi Lupiro, Kupitia Misri

Tangu nirudi hakuna aliyeniacha ninywe chai yangu ikiwa bado ya moto. Mmoja anauliza nilikula nini, mwingine anauliza kama niliwaona Mafarao, na kabla sijamaliza kumjibu wa kwanza, wa tatu anataka kujua kama kweli huko hakuna mvua. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na chai yangu mniachie.

Habari za tiketi na mihuri naziruka, maana hata mimi zilinichosha. Wote mnajua kwamba binti yangu Editha anafundisha Kiswahili kwenye chuo kimoja Misri, na kwamba tangu mama yake afariki amekuwa akinisihi niende kumtembelea. Msilolijua ni jambo la Ponsiano wa Lupiro. Bila hilo safari hii ni kutalii tu, kwa hiyo naanza nalo.

Zamani nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye genge la wakata miwa la mkandarasi mmoja, kabla biashara yake haijafa. Kazi yangu ilikuwa kusimama na daftari asubuhi, kuita majina na kuweka alama: vema ya wino wa bluu kwa aliyepo, H ya wino mwekundu kwa hayupo. H tatu mfululizo, jina linakatwa. Ponsiano alikuwa mmoja wa wakata miwa wetu. Mama yake alifariki wakati wa masika, akaenda Lupiro kuzika. Maji ya mto yalikuwa yamejaa, pantoni haivushi, na daraja lilikuwa halijajengwa. Kabla ya kuvuka alikuwa amemtuma mtu aniambie. Ujumbe niliupata, nikaandika H, kesho yake H, na siku ya tatu H. Siku ya nne alikuja amenyoa kichwa, akasimama kwenye mstari. Nikaruka jina lake. Alingoja mpaka nikamaliza orodha nzima, kisha akachukua panga lake akaondoka.

Ningeweza kufanya vingine. Nilikuwa mtu wa kanuni, na kusema kweli nilipenda daftari langu lionekane safi. Pole ya msiba sikumpa, na mnajua kwetu ukishindwa kumpa mtu pole ya mama yake, huna tena neno la kuanzia naye. Imepita miaka ishirini na zaidi. Nikimwona soko la Ifakara napita upande wa pili. Mke wangu alipofariki, Ponsiano alikuja kwa baiskeli kutoka Lupiro, akachimba kaburi na wenzake mpaka likaisha, akanawa mikono, akaondoka kabla sijamfikia. Tangu siku ile nilijua lazima niende kwake. Ni mwendo wa bodaboda tu, unavuka daraja umefika. Sikuenda. Nikaenda Misri.

Ifakara hadi Dar es Salaam

Basi liliondoka dakika kumi na tano baada ya saa iliyoandikwa, nikaona tumeanza vizuri. Tulipofika Kiberege likatoa mlio chini, dereva akashuka, akainama, akainuka akijifuta mikono kwa namna ambayo abiria wote tuliielewa. Tulikaa pale saa tatu na dakika arobaini. Nilizipima, si kwa ubaya, ni mazoea ya kazi. Akina mama wa sokoni walituletea mahindi ya kuchemsha na wali wa maharage, na kusema kweli wali ule ulinipunguzia hasira.

Nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anakwenda Morogoro kumwangalia mjukuu. Aliniuliza safari ya wapi.

"Misri," nikamwambia.

"Ya kwenye Biblia?"

"Hiyo hiyo."

Akamenya karanga mbili tatu, akafikiri. "Si walitoka huko kwa shida? Sasa wewe unarudi kufuata nini?"

Nikamwambia naenda kumwona binti yangu. Alinikubalia, lakini nilimwona hajaridhika. Akanimiminia karanga mkononi, akaniambia nikifika nisikubali kufanyishwa kazi ya matofali. Fundi alipomaliza, tuliingia ndani tukaenda, na Dar tulifika watu wamekwisha kula chakula cha jioni.

Dar es Salaam hadi Kairo

Editha aliniomba vitu viwili tu, mchele wa kwetu na kambare mkavu. Kambare nilimfunga kwa magazeti, juu yake kitenge, juu yake mfuko wa rambo gumu. Nilijiona nimefanya kazi ya fundi. Kwenye ndege harufu yake haikusikika. Kumbe alikuwa ananingoja Kairo.

Ofisa wa uwanja alifungua begi, akarudi nyuma hatua moja, akawaita wenzake wawili. Walimfungua kambare gazeti baada ya gazeti, taratibu, na kila gazeti lilipotoka walinitazama. Mwishowe kichwa kikaonekana, na ndevu zake. Nikasema, "Samaki." Yule ofisa akafurahi, akasema, "Samak!" Tukacheka wote wanne, tukashikana mikono, nikajua tumemalizana. Kisha akamchukua kambare akaenda naye, na sikumwona tena. Mchele waliniachia. Editha alipousikia mkasa huo alikaa chini kwenye ngazi za uwanja akicheka, na baadaye akanionyesha dukani kwamba Misri nao wanalima mchele, magunia kwa magunia. Ningejua ningebeba ndizi.

Jambo moja lilinisumbua Kairo. Vijana wananipita bila kuniamkia. Najua hawana desturi hiyo, lakini mwili haujui. Siku ya pili walikuja wanafunzi wawili wa Editha, na mmoja, binti mwenye hijabu ya kijani, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Baba." Nikamwitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka majirani wakachungulia.

Kairo hadi Luksor kwa treni

Kabla ya safari tulikula koshari, yaani wali, dengu, makaroni, vitunguu vya kukaanga na mchuzi wa nyanya kwenye bakuli moja, kama mpishi alishindwa kuamua leo apike nini. Kinashibisha. Nilikula mabakuli mawili.

Treni ilichelewa saa moja na nusu, na hakuna aliyesimama kuuliza. Mbele yetu alikaa mzee mwenye skafu nzuri ya sufu, ya rangi ya kahawia. Nikamwambia Editha amwambie skafu yake ni nzuri. Akamwambia. Mzee akaivua, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikaona kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu, nikaipokea kwa mikono miwili pia, nikaivaa, nikamshukuru sana.

Editha akaniinamia sikioni. "Baba, huo ni uungwana wa maneno tu. Ulitakiwa ukatae."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nikaivua kumrudishia. Sasa yeye akakataa, na yeye hakukataa mara tatu, alikataa mpaka Luksor. Tuliishia kugawana mkate wake na karanga zangu za Kiberege, na skafu nikashuka nayo. Mpaka leo inaniona mwizi.

Luksor, ng'ambo ya magharibi

Mji wa Luksor uko mashariki ya mto na makaburi ya kale yako magharibi. Tulivuka kwa kivuko asubuhi, kabla jua halijaanza kazi yake. Editha alitaka nione mahekalu makubwa. Niliyaona. Nguzo zake watu wanane hawazikumbatii. Lakini mimi nilikuwa nimemwambia nataka kuona walivyoishi watu wa kawaida, wanaoamka kwenda kazini, akanipeleka kwenye magofu ya kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita.

Mlinzi wa pale anaitwa Hamdi, mtu mweusi, mrefu, wa makamo, mwenye kilemba cheupe. Aliponiona alinisemesha moja kwa moja kwa lugha yao ya Kinubi, kama anaendelea na mazungumzo tuliyoyaacha jana. Alidhani mimi ni mtu wa kwao Aswan. Na mimi, ili tuwe sawa, nikamjibu kwa Kindamba, lugha ya kwetu. Tulizungumza hivyo dakika nzima, kila mtu akiamini mwenzake ana lafudhi mbaya tu, mpaka Editha akaingilia kwa Kiarabu.

Nilipokiona kijiji nilicheka. Nyumba zimepangwa safu mbili, ukuta mmoja kwa nyumba mbili, katikati njia nyembamba. Ni kambi ya miwa ile ile. Kuta zimebaki kimo cha kifua, lakini Hamdi alizijaza kwa maneno. Hapa chumba cha mbele, chenye jukwaa dogo la kuombea. Hapa chumba cha kukaa. Nyuma kabisa jiko lisilo na paa, ili moshi upande, na jiwe la kusagia bado liko chini, limelika katikati kwa mikono ya wanawake. Ngazi hii ilipanda darini, walikolala wakati wa joto. Nafaka ilisagwa na mkate ukaokwa hapa, na pombe ya shayiri ilipikwa hapa, nzito, ya kuchuja kabla ya kunywa. Nikamwambia hiyo naijua. Maji hayakuwepo kijijini, yalipandishwa kwa punda kutoka bondeni, na walikuwepo wafua nguo waliokuja kuchukua nguo za kila nyumba kwa orodha.

"Orodha?" nikauliza.

"Kila kitu orodha," alisema Hamdi. "Hapa waliishi makarani."

Nikaanza kuwapenda watu hawa. Wanaume walivuka kilima kwenda kazini, wakilala huko huko siku nane, na siku mbili wakarudi kwa wake zao. Waliolinda usalama walikuwa polisi, na wengi wao asili yao Nubia, watu wa Kusini waliosifika kwa upinde. Hamdi alisema babu zake ndio waliowachunga mafundi hawa, na yeye amerithi zamu.

Alitupeleka ndani ya kaburi moja lililochorwa kuta zote. Watu wanalima, wanavuna, wanapepeta, ng'ombe anazaa, kinyozi ananyoa watu chini ya mti, na waliobaki wanangoja zamu yao wakisinzia. Halafu msafara wa mazishi. Wanawake wamesimama pamoja, wadogo kwa wakubwa, mikono juu, wanajimwagia vumbi kichwani, na machozi yamechorwa mistari mashavuni. Nimeliona kundi hilo mara nyingi nyumbani, tofauti ni khanga tu. Nilitoka nje kupata hewa.

Nje, kivulini, Hamdi akatoa simu. Alikuwa ameona ninavyopenda orodha, akataka kunionyesha moja. Lilikuwa bapa la jiwe jeupe lililoandikwa kwa wino. Jiwe lenyewe lilichukuliwa zamani na sasa liko makumbusho Ulaya, yeye ana picha na maelezo ya Kiarabu. Editha akanisomea. Majina ya mafundi yamepangwa upande mmoja. Mbele ya kila jina, tarehe ambazo hakuja kazini. Sikuhitaji kutafsiriwa tena, hilo ni daftari la mahudhurio, ningelitambua hata gizani. Juu ya kila tarehe palikuwa na maneno madogo ya wino mwekundu.

"Huo mwekundu ni wa nini?" nikauliza.

"Sababu," alisema Editha. "Kila aliyekosa kazi, karani ameandika sababu yake." Akaanza kusoma. Huyu alikuwa mgonjwa. Huyu aliumwa na nge. Huyu macho yalikuwa yanamuuma. Huyu alikuwa anapika pombe. Tukacheka. Mkandarasi wetu angezirai kusikia hiyo ya pombe. "Na huyu," Editha akaendelea, bado anacheka kidogo, "huyu alikuwa anamfunga sanda mama yake."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Muulize Hamdi, jina lake lilikatwa?"

Editha akamuuliza. Hamdi alinitazama kama hakuelewa swali, akamwomba aulize tena. Kisha akajibu, na Editha akanipa jibu lake kama lilivyo: "Likatwe kwa nini? Si ameandikiwa sababu?"

Nilikaa kwenye ukuta. Hamdi akaniambia kwa upole kwamba ukuta ule haukaliwi, una miaka elfu tatu. Nikakaa chini mchangani. Huko kwenye mchanga ndiko nilikomwambia binti yangu habari za Ponsiano, kwa mara ya kwanza, yeye ana miaka thelathini na sita. Wino mwekundu nilikuwa nao, ulikuwa mfukoni mwangu kila siku. Nafasi ya kuandika maneno mawili juu ya H ilikuwepo. Karani mwenzangu, aliyekuwa na bapa la jiwe na kalamu ya tete, aliona ni jambo la kuandikwa. Editha hakunilaumu wala hakunitetea. Alimweleza Hamdi kwa kifupi, na Hamdi akasema kesho kutwa yuko likizo, anakwenda kwao Aswan, twende tukamsalimie mama yake.

Luksor hadi Aswan

Treni hii haikuchelewa, nikakosa la kusema. Aswan mto ni mwembamba, una mawe makubwa meusi yaliyokaa majini, na hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Kwenye makumbusho ya mji Editha alinionyesha namna Wanubi wa kale walivyozikana. Hawakumweka marehemu kwenye sanduku. Walimlaza kitandani, kitanda chake cha mbao chenye miguu iliyochongwa mfano wa miguu ya ng'ombe, kwa ubavu, amekunja magoti, kama mtu aliyechoka akajilaza. Pembeni yake vyungu vyekundu vyenye midomo myeusi, vyembamba ajabu, na vimefinyangwa kwa mkono bila gurudumu, kama wanavyofinyanga mama zetu. Niligonga kioo kwa ukucha bila kufikiri, nikitaka kusikia kama chungu kimeiva. Mlinzi akaja mbio, tukaomba radhi.

Nyumba ya akina Hamdi iko kijiji cha ng'ambo, imepakwa bluu na njano, ua umetandikwa mchanga safi. Nilipoingia nikaona tangi la saruji uani, na ndani yake mamba. Mamba mzima, mkubwa, anahema. Ni wa jirani, wanamweka kwa ajili ya watalii. Kila mtu alikaa, mimi nikabaki mlangoni. Hamdi alisema hana neno, kila mtu anamshika.

"Mwambie," nikamwambia Editha, "kwetu Kilombero tunajuana na mamba kwa majina ya watu waliochukuliwa nao." Baada ya hapo walinisogezea kiti upande wa mbali.

Mama yake Hamdi ni Bibi Zainabu, mkongwe, macho yamefifia, masikio hayajafifia hata kidogo. Alitulisha mlenda. Wao wanauita jina lao, lakini ni mlenda, umekatwakatwa mwembamba, umetiwa kitunguu saumu, unavutika kama unavyotakiwa. Nilikula kwa mkono bila kuombwa, na hapo nikawa mtu wa nyumbani. Kijiji alichozaliwa kiko chini ya ziwa, chini ya maji ya lile bwawa kubwa. Alikuwa msichana walipohamishwa. Siku ya kuondoka watu wote walikwenda makaburini, wakayamwagia maji, wakaaga, ndipo wakapanda meli.

Hamdi alimsimulia habari zangu. Bibi anasema Kinubi, Hamdi anageuza Kiarabu, Editha anageuza Kiswahili, kwa hiyo kila jibu lilifika limechoka, lakini lilifika. Aliuliza kwanza, "Mama huyo alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Nilimwambia sijui. Akauliza kwa nini sijaenda.

"Muda umepita mno. Nitaingiaje kwa mtu na pole ya miaka ishirini?"

Bibi Zainabu akasema wanaume wao siku zote wamekwenda mbali kutafuta kazi, Kairo, ng'ambo, miaka kumi, miaka kumi na mitano. Mtu akirudi haingii kwanza kwake. Anaacha mizigo njiani, anapita nyumba moja moja zilizofiwa yeye hayupo, anakaa, anatoa pole, watu wanalia upya naye. "Kwake yeye ndiyo kwanza amefika," alisema. "Na wewe ulikuwa mbali." Kisha akaniongezea mlenda.

Nilikaa Aswan siku tano zaidi. Nilitembea, nilinunua hibiski ya kutengenezea chai mliyoinywa mkasema chungu, nilimwona tena yule mamba kwa mbali. Lakini nilikuwa nimekwisha ondoka.

Kairo hadi Ifakara

Sina la kusimulia hapa. Ndege iliruka, basi halikuharibika, na tulipopita Kiberege wale akina mama walikuwa wanauza mahindi kama kawaida. Mpunga ulikuwa umekwisha kukatwa sehemu kubwa. Nilifika Ifakara saa nne asubuhi, Editha hayupo kunikumbusha wala kunisukuma. Nikampa dereva wa bodaboda begi kubwa alipeleke Mlabani kwa mdogo wangu. Nikanunua sukari, chumvi na sabuni, kama tunavyobeba msibani, nikapanda bodaboda nyingine.

Ifakara hadi Lupiro

Daraja tulilivuka kwa dakika chache. Nilitazama maji yale chini, yametulia. Niliogopa. Wanaume wa umri wangu hatupendi kulisema, lakini nilimwogopa Ponsiano kuliko mamba wa Aswan.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake anatengeneza gurudumu la baiskeli. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinitazama mpaka nikafika.

"Karani," alisema. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

"Ponsiano. Habari za hapa?"

"Nzuri. Za Mlabani?"

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba wa mama."

Akaweka spana chini, polepole. "Habari umezipata lini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi tangu Aswan. Yote yaliniishia. "Siku ile ile. Ujumbe wako ulinifikia."

"Niliyemtuma aliniapia kwamba umekufikia. Nilitaka nisikie kwako." Akageuza gurudumu kidogo kwa kidole. "Siku niliyokuja nimenyoa, uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukaruka jina."

"Nikaruka. Nilikukosea, Ponsiano. Ningeandika tu kwamba unazika, nisingepungukiwa kitu. Sikuandika. Naomba unisamehe."

Mke wake, Mama Deo, alitoka ndani na kikombe cha maji, akanipa, akachukua ule mfuko wangu bila kuuliza una nini. Ponsiano aliinuka akaingia ndani. Nikajua imekwisha, nikaanza kumtafuta dereva kwa macho. Kisha akatoka na mkeka. Akautandika barazani, akautengeneza pembe zote nne, akavua kandambili zake akakaa.

"Umekuja msibani, au unapita?"

"Msibani."

"Basi mwambie bodaboda aende. Msibani mtu halali kwake."

Nilikaa. Jirani wa kwanza kupita alituona kwenye mkeka, akasimama na baiskeli yake, akauliza kuna nini. Ponsiano akasema, "Mama." Yule jirani alikuwa mtu mzima, alimjua marehemu. Alifikiri kidogo, akaegemeza baiskeli ukutani, akaja kukaa. Jioni tulikuwa watu tisa. Mama Deo alipika ugali na maharage kwenye sufuria kubwa ya shughuli. Nilimuuliza Ponsiano jina la mama yake, akanipa: Magdalena. Wazee wakaanza kumsimulia. Alilima mpunga kando ya mto, na msimu wa ndege alikaa kwenye dungu la kulindia shamba kutwa akipiga debe na kuwatukana ndege kwa majina ya mawifi zake, mpaka mawifi wenyewe wakaja kumshitaki kwa mwenyekiti. Ponsiano alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia. Na mimi nililia. Nililia kwa ajili ya mama huyo ambaye sikumjua, na kwa ajili ya kile kichwa kilichonyolewa, na sikuona haya mbele ya mtu yeyote.

Tulilala barazani, kesho yake tukakaa, watu wakaja na kuondoka. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa tunamenya mihogo, mimi na Ponsiano, simu yangu ikalia. Editha.

"Baba, uko wapi? Baba mdogo anasema begi limefika wewe hujafika."

"Niko Lupiro. Niko msibani."

"Nani amefariki?"

"Mama yake Ponsiano."

Nilimsikia anavuta pumzi huko Misri. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama anavyotakiwa kuuliza mtu aliyepokea habari za msiba, "Lini, Baba?"

Nikamtazama Ponsiano. Alikuwa amesikia. Hakuinua macho kutoka kwenye muhogo wake.

"Mwambie juzi," alisema.